Jiwe la Mgeni

Wanaosema Wapare ni wabahili hawajawahi kuonyeshwa kilicho chini ya ndiva zetu, mabwawa yetu ya mlimani. Wala hawataonyeshwa, kwa sababu ndiva haionyeshwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa na baba, kabla hata sijajua kufunga kamba za viatu. Ya pili ni hii: usiseme ndiva imejaa. Hata kama bwawa linamwagika ukingoni na vyura wamehamia jikoni kwako, mtu akikuuliza maji yakoje, unamjibu, "Yapo kidogo, tunashukuru."

Naitwa Nakijwa Mchomvu. Mimi ni mpima maji wa ndiva ya Kivumbwi, kama baba alivyokuwa kabla yangu. Asubuhi ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimesimama ukingoni na ufito wangu wa kupimia, nikitazama maji yenye rangi ya uji wa ulezi. Majivu yalikuwa yanaanguka kwa siku ya sita. Mlima mmoja wa mbali kaskazini, ambao wataalamu walishauandika kwamba umelala, ulikuwa umeamka bila kuomba ruhusa ya mtu, na tangu siku hiyo jua letu lilikuwa chungwa ndani ya gunia. Saa nne asubuhi kuku walikuwa bado hawajakubaliana kama kumekucha.

Niliteremsha ufito mahali pale pale unapoteremshwa siku zote. Ulipogonga jiwe nikautoa nikautazama. Ulikuwa mkavu tangu alama ya kwanza. Sufuri.

Mababu zetu walichimba ndiva ili maji ya kijito yajae usiku, asubuhi yafunguliwe mfereji kwa mfereji, kila shamba na zamu yake. Miaka kumi na minne iliyopita nchi tisa zilikaa zikatia saini Mapatano ya Milima, na inginia mmoja, ambaye sijui alizaliwa wapi lakini ningemchinjia mbuzi, alizitazama ndiva zetu akaona betri. Mchana sola za tambarare husukuma maji kutoka bwawa la chini hadi ndivani, mita mia sita juu. Jioni, watu wakiwasha taa na majiko, tunafungua lango, maji yanashuka kwenye bomba na kuzungusha mtambo wa kufua umeme. Kesho yake jua linayapandisha tena. Maji ni yale yale, kazi yake kupanda na kushuka kama mwanafunzi wa shule ya kutwa.

Ndiva za zamani zilipanuliwa, zikachimbwa mpya Usambara, Taita, Uchagani, Marakwet, hadi Konso huko Uhabeshi. Siku ile zilikuwa mia sita na arobaini. Zikisaidiwa na mvuke wa jotoardhi wa Bonde la Ufa na upepo wa nyanda kavu, ziliwasha nchi tisa bila kuchoma hata kijiti. Mimi ni mtu mgumu wa kusifu, lakini hili nalisifu. Nilipokuwa mtoto, chemchemi mbili za Kivumbwi zilikauka kwa sababu msitu wa juu uliishia kwenye magunia ya mkaa. Leo zote mbili zinatiririka, na wajukuu wa wachoma mkaa ni mafundi wa mitambo. Nikizipita chemchemi hizo huwa nasimama, hata nikiwa na haraka.

*

Saa sita mchana huwa ni saa ya vipimo. Wapima maji wote mia sita na arobaini tunakaa kwenye redio moja, na Mgawa anatuita kijiji kwa kijiji. Mgawa ni akili ya mashine inayogawa maji na umeme wa nchi tisa. Anaongea Kiswahili cha adabu hadi watu wanamtania kwamba alilelewa madrasa.

"Kivumbwi," aliita.

"Kivumbwi, sufuri."

"Pole kwa majivu, Mama Nakijwa. Nimeandika sufuri."

Hakuchukua muda kumaliza orodha siku ile, maana sufuri haina maelezo mengi. Kisha akasema:

"Ndugu wapima maji, hesabu yangu ni hii. Upepo wa kusini utasafisha anga keshokutwa asubuhi. Mvuke wa jotoardhi unatosheleza nusu ya mahitaji. Kwa jioni ya leo na ya kesho, maji niliyo nayo hayatoshi. Kwa sheria ya Mapatano, saa kumi leo nitaomba tanuri la pwani liwashwe. Leo ni Siku Safi ya elfu nne mia mbili na sita tangu makaa yazimwe. Samahanini."

Tanuri la pwani lilikuwa kiwanda cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe katika nchi zote tisa. Liliachwa limefunikwa turubai, kwa dharura tu. Na tanuri si jiko la mafuta la Mchina, kwamba unageuza utambi unazima. Likishawashwa linawaka siku arobaini, maana matofali yake yakipozwa kwa haraka yanapasuka. Zaidi ya hapo, nchi tatu kati ya zile tisa zilikuwa na makaa ya mawe ardhini na wanunuzi mlangoni. Zilikuwa zinangoja tu mmoja aanze. Kila mtu kwenye redio alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyesema neno.

Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine.

Sasa niwaambie kuhusu jiwe. Mainginia wa Mapatano walipokuja Kivumbwi walitaka kutia jicho la mashine ndani ya ndiva. Wazee wakakataa katakata. Jicho la mgeni haliingii ndivani. Wakaelewana kwamba maji yatapimwa kwa mkono na ufito. Usiku wa kuamkia siku ya kipimo cha kwanza, baba aliingia majini na wenzake wawili, wakaweka jiwe bapa chini, mahali ufito unaposimama. Kimo chake shubiri mbili. Tangu siku hiyo ufito wetu husimama juu ya jiwe, na sufuri tunayoisoma si chini ya ndiva. Chini yake kuna shubiri mbili za maji, bwawa zima, ambazo mashine haijawahi kuzisikia.

Hatukulibuni sisi jambo hilo. Ni desturi ya kale. Huitwa fungu la mgeni: maji ambayo hayagawiwi, yanamngoja mtu asiyejulikana. Kiangazi kikija na mgeni asitokee, fungu hilo hupewa watu wa mkiani, yaani wenye mashamba ya mwisho wa mfereji, ambao siku zote maji huwafikia yakiwa yamechoka. Mimi sijawahi kusema uongo redioni. Jiwe ndilo lililosema. Lakini kifungu cha tisa cha Mapatano hakijui mawe. Kinasema kijiji kitakachopatikana na kipimo cha uongo kitafungiwa lango na kutolewa. Umeme wa zahanati, pampu, mashine ya kusaga, vyote kwaheri, na jina la baba yangu juu yake.

*

Lango la ndiva halifunguliwi na mtu mmoja. Lina funguo mbili: mmoja unashikwa na mtu wa kichwani, mwanzo wa mfereji, ambaye ni mimi, na mwingine na mtu wa mkiani, asije mmoja akafungua kwa uchu wake. Wa mkiani ulikuwa kwa shangazi yangu Nietiwe. Nikashuka.

Nilimkuta shambani, akikung'uta majivu kwenye majani ya mahindi kwa kitambaa, mhindi mmoja baada ya mwingine, kama anayemfuta mtoto makamasi. Mahindi yalikuwa yanatoa ndevu. Anayelima anajua kwamba wakati huo hindi haliwezi kusubiri: lisipopata maji siku zile, hutavuna kitu. Kesho yake alfajiri tulikuwa tufungue fungu la mgeni liingie kwenye mfereji wa mkiani. Nilikuwa nimemwahidi mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwana wa kaka. Umekuja na uso wa msiba. Nani kafa?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kufuta majani.

"Kwa hiyo unataka maji yangu," alisema.

"Ni ya mgeni, shangazi."

"Mwaka wa kiangazi ni yangu. Usinifundishe mila niliyokufundisha."

"Yakipita kwenye bomba hayarudi mpaka jua litoke. Najua. Nimekuja kukuomba, si kukulazimisha."

Akajinyoosha, akashika kiuno. Mumewe, marehemu Elisaria, alipiga koleo la makaa kwenye tanuri lile la pwani miaka kumi na moja. Alirudi nyumbani na redio ya betri, koti zuri, na kikohozi ambacho hakikumwacha hadi kaburini. Sikumtaja. Ningemtaja ningekuwa mtu mbaya.

"Shubiri mbili za Kivumbwi zitalizuia hilo tanuri?" aliuliza.

"Peke yake, hapana."

"Sasa?"

"Nadhani hatuko peke yetu wenye jiwe. Hakuna anayesema, lakini nadhani."

"Kwa hiyo ulitaka tufungue kimya kimya, mashine idhani imekosea hesabu, na wewe ulale usingizi mzuri. Mahindi yangu yafe, tanuri liwashwe vilevile, lakini Nakijwa moyo wake safi."

Aliniona ndani kama mtu anayetazama kwenye ndoo.

"Nisikilize," alisema. "Ufunguo nitakupa. Nimefua shuka za Elisaria zenye weusi wa makaa hadi mikono ikachubuka, sitaki mwanamke mwingine azifue. Lakini fungu la mgeni halitolewi kwa wizi. Mgeni anakaribishwa, na kukaribisha ni kwa sauti. Utasema redioni, wote wasikie. Kama wenzako wana mawe watakusikia. Kama hawana, tutafukuzwa, nami nitakula nini sijui, lakini nitakuwa nimejua ninachofia njaa."

"Na jina la baba?"

"Kaka yangu aliliweka jiwe litumike. Hakuliweka lipambe bwawa."

Akachukua kanga yake kwenye ua, akatangulia kupanda mlima. Ana miaka sabini na mitatu. Mimi wa arobaini na nane ndiye niliyekuwa nahema.

*

Saa tisa na nusu tulikuwa langoni. Shangazi alitia ufunguo wake, mimi wangu, hatujazungusha. Nikawasha redio.

"Mgawa, hapa Kivumbwi."

"Nakusikia, Mama Nakijwa."

"Naomba wote wasikie." Nikasubiri mlio wa redio ya pamoja. "Mimi Nakijwa, binti wa Mchomvu, mpima maji wa Kivumbwi. Ufito wangu unasimama juu ya jiwe. Chini ya sufuri yangu kuna shubiri mbili ambazo hatukuzisema kwa miaka kumi na minne. Ni fungu la mgeni. Leo mgeni amefika, tunafungua."

Shangazi alinitazama, akazungusha ufunguo wake. Nikazungusha wangu. Lango likanguruma, maji yakaanza kushuka, na kule chini mtambo ukaitikia.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka, ya Mkawasi wa Taita, ambaye kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsikia akitaja tarakimu tu.

"Hapa Wundashi. Jiwe letu lina shubiri tatu. Sisi tuna wageni wengi."

Kisha mwanamume mmoja wa Uchagani, kicheko kikiwa kimemkaba: "Mgawa, naomba iandikwe tarehe. Mpare amekiri ana kitu." Akakohoa. "Na sisi tuna shubiri mbili na nusu. Nusu aliongeza babu yangu."

"Hapa Marakwet, Kisang. Shubiri tatu. Baba alinikataza nisiseme hadi nife. Nitamwomba radhi nikimkuta."

Baada ya hapo sikuweza kufuata. Walikuja kumi kumi, ishirini ishirini, Usambara, Upare yote, watu wa Konso kwa Kiswahili chao cha kuokoteza, wengine wanalia, wengine wanacheka. Tulikuwa tumelindiana siri moja kwa miaka kumi na minne bila kujua kwamba ni moja. Nilikaa chini kwenye majivu na kulia kama mtoto, wala sikujificha.

"Naomba mnisubiri," Mgawa alisema. "Nina sauti mia mbili kwa pamoja." Hatukuwahi kumsikia akiomba kusubiriwa. Ilipofika saa kumi kasoro dakika nne alisema tena. "Nimejumlisha. Yanatosha jioni mbili, na yanabaki kidogo. Tanuri halitawashwa." Halafu akaniuliza mimi, kwa sauti yake ile ya adabu, "Mama Nakijwa, kwa nini sikuambiwa?"

"Kwa sababu ungeyagawa."

"Ni kweli," alisema. "Ningeyagawa mwaka wa kwanza."

*

Jioni mbili taa ziliwaka kutoka milima ya Konso hadi Ziwa Tanganyika. Nilitazama ramani kwenye simu ya jirani, nikaona nukta zote zipo, na kila nukta nilijua ni mtu anapika au anasoma au amelala chini ya mashine ya hospitali. Nilijivuna kuliko inavyomfaa mtu mzima. Kisha nikashuka mkiani, nikaona majani ya mahindi ya shangazi yamejikunja kama sigara, na majivuno yakakaa mahali pake.

Siku ya tatu asubuhi upepo wa kusini ulifika kama ulivyotabiriwa, na jua likatoka, dhaifu, lakini jua. Sheria ya Mapatano inajulikana. Umeme wa kwanza ni wa hospitali na maji ya kunywa, unaofuata ni wa treni na viwanda. Pampu za kupandisha maji ndivani ni za mwisho, mchana, kikibaki kitu. Kwa mahindi yale, mchana ulikuwa umechelewa.

Redio ikaita. "Kivumbwi. Mama Nakijwa, nimeishi kwenu siku mbili, kwa maji ya mgeni. Sheria zangu hazisemi mgeni anapaswa kufanya nini baadaye. Naomba kuelekezwa."

Kabla sijafungua mdomo shangazi aliinyakua redio. Hakuwahi kuishika, akawa anaongea kwa nguvu kana kwamba Mgawa yuko ng'ambo ya bonde.

"Baba, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hujaisikia hiyo?"

"Nimeisikia, mama. Sikujua inanihusu."

"Inakuhusu. Kalime."

Tulicheka, tukidhani yameishia hapo. Kumbe Mgawa aliwapelekea nchi tisa swali hilo hilo, kwa maneno ya shangazi, bila kupunguza. Hospitali na maji ya kunywa yasiguswe. Lakini je, treni na viwanda viko tayari kungoja hadi saa nane mchana, ili umeme wa kwanza upandishe maji kwa waliofungua mawe yao? Walijibu ndani ya dakika arobaini. Zile nchi tatu zenye makaa ardhini nazo zilisema ndiyo. Viwanda vya Kampala vilifunga milango. Treni ya Dar es Salaam ilisimama Morogoro na abiria wake, na nimeambiwa kondakta alipowaeleza sababu hakuna aliyedai kurudishiwa nauli, jambo ambalo bado nalifanyia uchunguzi.

Saa mbili na nusu asubuhi maji yalianza kutokeza kwenye mdomo wa bomba, yakiwa na tope na povu, yanapanda. Mimi na shangazi tulifungua mfereji wa mkiani kwa majembe. Aliyafuata maji hatua kwa hatua hadi shambani, akiwa pekupeku, akiyaongoza kwa jembe kila yalipotaka kupotea.

*

Mahindi yalipona nusu. Siku ya kuvuna shangazi alinipa hindi moja lina mapengo kama mdomo wa mzee, punje hapa, punje pale. "Hilo ni lako," alisema, na sikujua kama ananilaumu au ananienzi. Tulipika makande kwa yaliyokuwepo, na ndugu walituongezea.

Tume ya kifungu cha tisa ilikaa. Vijiji mia sita na kumi na kimoja vilikiri kuwa na jiwe. Ishirini na tisa vilisema havina, na hakuna aliyeviamini. Ikabidi wamwombe Mgawa ashauri: je, mawe yatolewe, sufuri ishushwe hadi chini kabisa, ili safari ijayo ajue kila kitu? Naambiwa alijibu kwamba anaomba asijue. Tume ikapitisha hivyo, bila kufungia kijiji hata kimoja, na kumbukumbu za vimo vya mawe yote zikafutwa mbele ya mashahidi kutoka nchi tisa.

Wiki ile ile mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ndiva ilikuwa inamwagika ukingoni na chura mmoja alikuwa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Saa sita nikakaa na redio, shangazi pembeni akichambua maharage.

"Leo ni Siku Safi ya elfu nne mia mbili na sabini na tatu," Mgawa alisema. Akaita vijiji, akafika kwetu. "Kivumbwi. Maji yakoje?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anatazama maharage yake.

"Yapo kidogo," nilisema, "tunashukuru."

"Nami nashukuru, Mama Nakijwa. Nimeandika kidogo."